Kompyuta mpakato ya bei nafuu: Usihadaike na kibandiko cha i7

Na Mwandishi Wetu, Babati

KILA mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba, familia nyingi za Nakwa na maeneo mengine ya mji wa Babati huingia katika hesabu moja ngumu. Mahindi na mbaazi vimekwishauzwa, ada inadai, nauli ya Dodoma au Dar es Salaam inadai, na kijana naye anahitaji kompyuta mpakato. Fedha inayobaki kwa ajili ya mashine hiyo huwa si nyingi, na ikinunuliwa mbovu hakuna fedha ya kununua nyingine.

Hesabu hiyo haiwahusu wanafunzi peke yao. Yumo mwalimu anayeandaa mitihani, mwenye duka la stesheneri anayechapa barua za wateja, na mzabuni mdogo anayelazimika kuwasilisha nyaraka zake kupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioshika nafasi ya TANePS mwaka 2023. Wote hao riziki yao inapita kwenye kibodi.

Mwenye fedha kidogo ana njia mbili: kununua mashine mpya ya bei ya chini kabisa, au kununua iliyokwishatumika. Wengi huichagua ya kwanza, kwa kuwa boksi lililofungwa linatia moyo na hakuna mzazi anayependa kumpa mwanawe mtumba. Mara nyingi uamuzi huo ndio unaowagharimu.

Mashine mpya za daraja la chini kabisa kwa kawaida hubeba prosesa za aina ya Celeron. Mojawapo inayoonekana sana madukani ni Celeron N4020, iliyotoka mwaka 2019, ambayo ina viini viwili tu. Humo ndani huwa kuna memori ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64 ya aina inayoitwa eMMC, na vyote viwili kwa kawaida vimeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, ile ambayo mafundi huiita mazabodi. Haviwezi kuchomolewa wala kuongezwa.

Gigabaiti 4 za memori na gigabaiti 64 za hifadhi ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho kampuni ya Microsoft inakitaja ili Windows 11 ikubali kuwekwa. Kwa maneno mengine, mnunuzi analipia mashine inayoanza maisha yake sakafuni. Masasisho mawili matatu yakiingia, hifadhi inajaa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaanza kufuta picha ili apate nafasi ya kuhifadhi kazi ya darasani.

Njia ya pili ni ya mashine za maofisini. Kampuni kubwa na taasisi za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta zake kila baada ya miaka michache, zikiwa bado nzima, na zile za zamani huuzwa kwa jumla. Sehemu yake hupitia Dubai na kuishia Kariakoo, kisha hupanda mabasi kwenda mikoani. Babati iko mahali pazuri katika safari hiyo, kwani upande mmoja ina Arusha na upande wa pili ina barabara ya lami ya Dodoma yenye urefu wa kilometa 251, iliyofunguliwa rasmi Aprili 2018.

Mashine hizo ni za familia tatu hasa: Latitude za Dell, EliteBook za HP na ThinkPad za Lenovo. Zilitengenezwa kwa wateja wenye mafundi wao wa ndani, kwa hiyo nyingi hufunguka kwa bisibisi ya kawaida, vipuri vyake hupatikana, na maelekezo ya kuzifungua yametolewa na watengenezaji wenyewe katika tovuti zao. Kwa mtu wa bajeti ndogo, sifa hiyo ina thamani kuliko wembamba au rangi.

Kizazi kwanza

Kosa kubwa katika soko la mitumba ni kununua kibandiko. Muuzaji anaonyesha alama ya Core i7 karibu na kibodi, mteja anaona namba saba, na bei inapanda. Lakini Core i7 ya kwanza ilitoka mwaka 2008. Kibandiko peke yake hakisemi lolote kuhusu umri wa mashine.

Umri unasomwa katika namba inayofuata. Katika i5-6300U tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha sita. Katika i5-8250U ni kizazi cha nane. Namba ikianza na 1 na kufuatiwa na tarakimu nyingine tatu au zaidi, kama i5-1135G7 au i5-10210U, zisomwe mbili za mwanzo: kizazi cha kumi na moja na cha kumi. Namba hiyo huonekana katika ukurasa wa taarifa za mfumo ndani ya Windows, na mnunuzi aitazame hapo wala asiitafute kwenye karatasi iliyobandikwa na duka.

Tofauti yake si ndogo. i7-7600U ya kizazi cha saba ina viini viwili. i5-8250U ya kizazi cha nane, iliyotoka mwaka 2017, ina viini vinne. Kwa hiyo i5 hiyo inaizidi i7 iliyoitangulia katika kazi nyingi, huku dukani ikiweza kuuzwa kwa bei ya chini kwa sababu tu ya tarakimu iliyo kwenye kibandiko.

Kuna sababu nyingine ya kuusimamisha mstari kwenye kizazi cha nane, na ndiyo iliyobadilisha soko zima. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Watumiaji binafsi waliojiandikisha walipewa nyongeza ya hadi Oktoba 2026. Windows 11 iliyokuja badala yake inahitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali rasmi prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache sana za kizazi cha saba.

Matokeo yake ni kwamba ofisi za ng'ambo zimekuwa zikizitoa kwa wingi mashine za kizazi cha sita na cha saba. Zinang'aa, zinawaka, na bei yake inavutia. Anayeinunua leo kwa ajili ya miaka minne ya chuo ajue anachonunua.

Tahadhari kubwa zaidi ni hii. Kuiona Windows 11 ikifanya kazi dukani si ushahidi kwamba mashine inaikubali. Zipo njia za mzunguko za kuiweka katika kompyuta isiyostahili, na mafundi wengi wanazifahamu. Microsoft inasema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kuendelea kupokea masasisho. Mnunuzi aandike tpm.msc katika sehemu ya kutafutia ya Windows, aone kama toleo ni 2.0, kisha arudi kwenye namba ya prosesa.

Kwa majina ya kawaida ya sokoni, ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 na Latitude 7490 ni za zama za kizazi cha nane, ilhali T470, 840 G4 na Latitude 7480 ni za kabla yake. Hata hivyo jina la modeli nalo lisiaminiwe kupita kiasi, kwani zipo T480 zilizotoka kiwandani zikiwa na prosesa za kizazi cha saba. Upande wa prosesa za AMD majina yana mkanganyiko wake, na njia salama ni kulitafuta jina kamili katika orodha ya Microsoft kabla ya kulipa.

Kisichobadilika

Fundi mzuri anaweza kubadilisha diski, memori, betri, kibodi na hata feni. Prosesa za kompyuta mpakato za miaka hii hazibadilishiki. Kioo cha skrini kinabadilika, lakini ni gharama inayoweza kuifanya mashine ya bei nafuu isiwe nafuu tena.

Kanuni inayofaa, basi, ni kuweka fedha kwenye vile visivyobadilika na kuvumilia upungufu wa vile vinavyobadilika. T480 yenye gigabaiti 8 na betri iliyochoka ni ununuzi bora kuliko mashine ya kizazi cha sita iliyopambwa kwa gigabaiti 16 na diski kubwa. Upungufu wa ile ya kwanza unatibika kidogo kidogo kadiri fedha inavyopatikana.

Tuchukue mfano wa mwenye shilingi 600,000. Asitafute mashine ya shilingi 600,000. Atafute ya shilingi 450,000 au inayokaribia hapo, na ile robo iliyobaki aiweke kwa ajili ya diski, betri au chaja. Muuzaji hatalipenda wazo hilo.

Memori inataka uangalifu wa peke yake. Mashine nyembamba sana, kama ThinkPad X1 Carbon na MacBook Air, zina memori iliyounganishwa na bodi. Ulichonunua ndicho utakachokuwa nacho. T480s ina sehemu iliyounganishwa na nafasi moja ya kuongezea, wakati T480 isiyo na herufi s ina nafasi mbili. Herufi moja mwishoni mwa jina inaamua kama mashine itakua au haitakua.

Kwa kazi za kuandika, mtandao na mahesabu, gigabaiti 8 ndicho kiwango cha chini kinachostahimilika. Anayesomea usanifu majengo, uhandisi au uhariri wa video alenge 16. Zamani ushauri wa kawaida ulikuwa kununua yenye memori ndogo na kuongeza baadaye, lakini kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya memori ilipanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vya akili mnemba. Kwa hiyo kabla ya kuamua, mnunuzi aulize bei ya kipande cha memori siku hiyo hiyo. Huenda mashine yenye gigabaiti 16 tayari ikawa rahisi kuliko kuongeza.

Ipo aina nyingine inayowaponza wengi kwa urembo wake. Ni Chromebook, zilizotumika katika shule za Marekani na sasa kuuzwa kwa bei ya kushangaza. Ni kompyuta nzuri kwa kazi ya mtandaoni, lakini hazitumii Windows, na kila modeli ina tarehe yake ya kukoma kupata masasisho. Mwanafunzi anayehitaji programu za uhasibu au za takwimu zinazotumia Windows atajikuta na kitu asichoweza kukitumia darasani.

Mbele ya kaunta

Uchunguzi wa dukani usipungue nusu saa, na muuzaji anayeharakisha ni ishara tosha. Jambo la kwanza ni kuzima mashine na kuiwasha huku ukibonyeza kitufe cha kuingia kwenye mipangilio ya ndani, BIOS: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, biashara iishie hapo. Nywila hiyo ni ya mwenye mali wa zamani, na kuiondoa kunaweza kugharimu kubadilisha bodi nzima.

Kufuli la pili halionekani kirahisi. Baadhi ya mashine za maofisini bado zimesajiliwa kwa mbali chini ya kampuni iliyokuwa ikizimiliki. Zinafanya kazi vizuri mpaka siku Windows inapowekwa upya na kuunganishwa na intaneti, ndipo jina la kampuni ya ng'ambo linapotokea na kudai barua pepe ya mfanyakazi. Njia ya uhakika ni kumtaka muuzaji aweke Windows upya mbele ya mteja na kuunganisha mtandao, hata kama ni wa simu.

Betri haipimwi kwa maneno. Ndani ya Windows kuna amri iitwayo powercfg /batteryreport, ambayo hutoa ripoti yenye namba mbili muhimu: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ya pili ikiwa chini ya theluthi mbili ya ya kwanza, bei ya betri mpya iingie katika majadiliano. Kwa Nakwa, ambako umeme ukikatika jioni kazi inasimama, namba hiyo si ya kupuuza. T480 ina faida ya pekee hapa: ina betri mbili, moja ndani na nyingine nje, na ile ya nje inaweza kubadilishwa bila kuzima mashine.

Chaja nayo ina hila zake. Kompyuta nyingi za Dell huitambua chaja kwa pini ndogo iliyo katikati ya kichwa chake. Zikiona chaja isiyotambulika zinaweza kukataa kujaza betri na hata kupunguza kasi ya prosesa. Mteja anadhani amenunua mashine nzito, kumbe tatizo ni chaja ya bandia. Kwa ThinkPad za mwaka 2017 hadi 2019, tundu la USB-C lijaribiwe kwa kuchaji, kwani Lenovo ililazimika kutoa masasisho maalumu ya kurekebisha hitilafu katika tundu hilo.

Hali ya diski husomwa kwa programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, inayoweza kubebwa kwenye flashi. Skrini itazamwe ikiwa nyeupe yote kisha nyeusi yote, kila herufi ya kibodi ibonyezwe, kamera na spika zijaribiwe, na mashine iachwe ikicheza video kwa dakika kadhaa ili feni isikike. Feni inayolia kama mashine ya kusaga inaeleza historia ndefu ya vumbi.

Kisha risiti. Risiti ya EFD, ambayo ilianza kutumika nchini mwaka 2010, iandikwe modeli na namba ya kiwandani ya mashine, na muda wa dhamana uandikwe kwa kalamu pamoja na sahihi. Ahadi ya mdomo kutoka duka la Kariakoo haina nguvu kwa mtu aliye Babati. Hata Arusha iko zaidi ya kilometa 150, na nauli ya kurudisha mashine mara mbili inaweza kumeza punguzo lote alilopata. Ndiyo maana duka la Babati mjini lenye bei ya juu kidogo, lakini lenye fundi anayejulikana, si la kudharauliwa.

Kuongeza nguvu

Mashine ikifika nyumbani ikiwa na diski ya zamani ya kuzunguka, marekebisho ya kwanza ni SSD. Hakuna shilingi inayoleta mabadiliko makubwa kuliko hiyo. Diski ya kuzunguka husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya SATA hufika karibu 550, na zile za NVMe hupita elfu kadhaa. Aidha SSD haina kitu kinachozunguka ndani yake, jambo lenye maana kwa kompyuta inayosafiri kila siku mgongoni mwa abiria wa bodaboda.

Kabla ya kununua, fundi aifungue mashine na kuangalia nafasi iliyopo ni ya aina gani, kwani SATA na NVMe zinaweza kufanana kwa umbo na zisikubaliane. SSD yenye jina lisilojulikana, inayodai ukubwa wa terabaiti nzima kwa bei ya chakula cha mchana, iachwe. Bandia za namna hiyo huonyesha ukubwa wa uongo na kuharibu mafaili zikijaa. Gigabaiti 256 za kweli zinamtosha mwanafunzi. Diski iliyotolewa isitupwe, kwani ikiwekwa katika kasha la USB inakuwa ghala la nakala za kazi zake.

Memori ifuate, na hapo aina izingatiwe: DDR3L haiingii kwenye nafasi ya DDR4, wala DDR4 kwenye ya DDR5. Vipande viwili vinavyolingana hufanya kazi vizuri kuliko kimoja chenye jumla ile ile. Baada ya hapo ni usafi, yaani kutoa vumbi kwenye feni na kuweka upya dawa ya kupozea juu ya prosesa, kazi ndogo inayosahaulika katika mji unaotimka vumbi miezi yote ya kiangazi.

Kuna gharama moja ambayo wengi huilipa bila sababu, nayo ni ya "kuwekewa Windows". Kompyuta nyingi zilizotoka na Windows 8 au 10 zina leseni iliyohifadhiwa ndani ya bodi yenyewe. Toleo linalolingana na leseni hiyo likiwekwa upya na mashine kuunganishwa na intaneti, linajiidhinisha lenyewe. Anachopaswa kulipwa fundi ni muda wake, wala si leseni, na programu za kuvunja ulinzi, ambazo mara nyingi hubeba virusi, hazina kazi hapo.

Na yule ambaye tayari ana mashine ya kizazi cha nne au cha sita hana haja ya kuiuza kwa hasara. Mifumo huru ya jamii ya Linux, kama Ubuntu na Linux Mint, inaendelea kutolewa ikiwa na masasisho ya usalama, hailipiwi, na inakwenda vizuri kwenye mashine za zamani. Kwa kazi za ofisi ipo LibreOffice, inayofungua mafaili ya Word na Excel, ingawa mpangilio wa nyaraka ngumu huweza kuyumba kidogo.

Njia hiyo si ngeni nchini. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. OpenOffice ndiyo iliyozaa LibreOffice mwaka 2010. Kabla ya kuhama, mwanafunzi awaulize walimu wake ni programu zipi zinazotakiwa katika masomo, na ajaribu kwanza kwa kuuwasha mfumo huo kutoka kwenye flashi, bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski.